Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 18: Umar bin Abdulaziz, kiongozi aliyeanza na nyumba yake



Tangu juzi baada ya Tarawehe kuna swali linazunguka pale barazani: kiongozi anayefaa ni wa namna gani? Najua limetoka wapi, kwani kamati ya msikiti inamaliza muda wake na uchaguzi ni baada ya Idi. Wengine wanasema awe msomi. Wengine wanasema awe na uwezo wake mwenyewe ili asikitamani cha msikiti. Wengine wanataka mkali. Mimi leo sijibu kwa kuorodhesha sifa, nawaletea maisha ya mtu mmoja. Mtu huyu alikuwa msomi, alikuwa na mali, na ukali aliuweza. Lakini si kwa hayo tunamtaja mpaka leo, miaka 1,300 tangu afariki. Maneno ni marefu kidogo, mwenye haraka ayahifadhi ayasome baada ya Adhuhuri.

Umar bin Abdulaziz alikuwa mtoto wa ikulu hasa. Baba yake, Abdulaziz bin Marwan, aliitawala Misri kwa niaba ya kaka yake, Khalifa Abdulmalik. Mama yake, Ummu Asim, alikuwa mjukuu wa Sayyidna Umar bin Khattab (RA). Na hapo ndipo inapoingia ile hadithi tunayowasimulia watoto madrasa: Sayyidna Umar anazunguka mjini usiku, anasikia mama anamwamuru bintiye atie maji kwenye maziwa ya kuuza, na binti anakataa kwa sababu, hata kama Umar haoni, Mola wa Umar anaona. Sayyidna Umar akamwoza binti yule kwa mwanawe Asim. Kwa wasimulizi wa habari hizi, binti yule wa maziwa ndiye bibi mzaa mama wa huyu Umar wetu wa leo.

Baba alimpeleka Madina akasome, akawekwa chini ya mwanachuoni Swalih bin Kaysan. Siku moja kijana akachelewa swala ya jamaa. Alipoulizwa, sababu ikawa kwamba aliyekuwa akimtengeneza nywele hakuwa amemaliza. Mwalimu hakumchapa fimbo, alimwandikia barua baba yake Misri. Baba akatuma mjumbe safari yote ile, na mjumbe hakumsemesha kijana neno mpaka alipomnyoa kichwa chote. Wazazi wanaokuja madrasa kugombana na ustadhi kwa sababu mtoto kaambiwa arudie juzuu, hebu ifikirieni safari ya mjumbe yule.

Hata hivyo msidhani alikua zahidi tangu utotoni. Ujanani alikuwa mtanashati kuliko wote katika ukoo wa Bani Umayya. Manukato yake yalijulikana kabla hajafika mahali. Mwendo wake wa maringo uliigwa na vijana wa Madina. Akamuoa binti ami yake, Fatima bint Abdulmalik, ambaye baba yake alikuwa khalifa, na ndugu zake wanne nao wakaja kuwa makhalifa, mmoja baada ya mwingine. Sidhani kama kuna mwanamke mwingine katika historia yetu aliyezungukwa na ufalme namna hiyo.

Mwaka 87 Hijria, sawa na 706 Miladia, Khalifa Walid alimfanya gavana wa Madina. Umri wake ulikuwa miaka ishirini na kitu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuwaita wanavyuoni 10 wa mji, akawaambia kwamba hatakata shauri bila wao, na kwamba wakisikia ofisa wake yeyote amemdhulumu mtu, haki ya Allah juu yao ni kumfikishia habari. Yaani kijana mwenye nguvu zote za dola nyuma yake anajitafutia watu wa kumzuia.

Na bado aliteleza, tena vibaya. Walid alimwandikia amri ya kumchapa viboko Khubayb, mtoto wa Abdallah bin Zubayr, na kummwagia maji baridi siku ya baridi kali. Umar alitekeleza. Khubayb akafa. Ilikuwa amri ya mkubwa wake, na wangapi leo wanajitetea kwa maneno hayo tu, nimeagizwa na mkubwa. Yeye hakujitetea. Maisha yake yote, watu walipomsifu kwa jema fulani, aliwauliza, je, na Khubayb? Ninavyoona mimi, huwezi kuuelewa ukhalifa wake kama hukianzia kifo hiki. Aliyaona mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, madaraka yanaweza kumfanya mtu mwema atende nini.

Mwaka 93 aliondolewa Madina. Hajjaj, gavana wa Iraq, alilalamika kuwa watu wanaomkimbia wanapata hifadhi kwa Umar. Kufukuzwa kazi kwa sababu hiyo si aibu.

Ikaja safari ya mwaka 99 Hijria (717). Khalifa Sulayman alikuwa Dabiq, kaskazini mwa Sham, akaugua, na mwanawe hakuwa tayari kushika nchi. Mshauri wake, Rajaa bin Haywa, akamwelekeza kwa Umar. Wasia ukaandikwa na kupigwa muhuri, na watu wakala kiapo cha utii kwa jina wasilolijua. Sulayman alipofariki barua ikafunguliwa. Hisham, mmoja wa wale mashemeji niliowataja, akapinga mpaka Rajaa alipomtishia upanga. Na mwenye jina lake? Alibaki anasema innaa lillahi, kama aliyeletewa habari ya msiba. Akapanda mimbari akawaambia watu kuwa jambo hili limewekwa juu yake bila ya yeye kuulizwa na bila ya Waislamu kushauriwa, kwa hiyo anawavua kiapo, wachague wamtakaye. Watu wakapiga kelele kwamba wanamtaka yeye.

Sasa angalieni siku ile ile ya kwanza, maana siku ile moja ina mengi kuliko miaka iliyofuata.

Akaletewa farasi wa msafara wa khalifa, wamepambwa, kila mmoja na mtu wake wa kumhudumia. Akasema baghala wake anamtosha. Farasi wakauzwa na pesa ikaingia baitulmali. Alikuwa amechoka kwa mazishi na mkesha, akataka alale kidogo kabla ya Adhuhuri. Akaingia mwanawe Abdulmalik, kijana ambaye hata miaka 20 hakuwa amefika. Akamuuliza baba yake kama kweli analala kabla ya kurudisha haki za watu. Baba akasema atafanya baada ya Adhuhuri. Kijana akauliza nani amemdhaminia kuishi mpaka Adhuhuri. Umar akamwita, akambusu kati ya macho, akamshukuru Allah kwa kumpa mtoto wa kumsaidia dini yake. Akatoka bila kulala, mnadi akatangaza kuwa kila mwenye dhulma yake aje.

Katika waliokuja alikuwemo mzee mmoja asiye Mwislamu, mtu wa Hims. Alidai kwamba Abbas bin Walid, mtoto wa khalifa, amempora ardhi yake. Abbas alikuwepo pale pale amekaa. Akasema ardhi alipewa na baba yake na hati anayo. Umar akaona kwamba Kitabu cha Allah kina haki zaidi ya kufuatwa kuliko hati ya Walid, akamwamuru Abbas airudishe.

Lakini kabla hajawaendea wengine alijiendea mwenyewe. Zilikuwepo hati za mashamba na ardhi alizopewa yeye na ukoo wake na makhalifa waliopita. Akamwita msaidizi wake Muzahim azisome moja moja mbele ya watu. Kila iliyosomwa Umar aliichukua na kuikata kwa mkasi. Hati, mkasi. Hati, mkasi. Likafuata shamba la Fadak, nalo akalirudisha kwenye matumizi liliyokuwa nayo zama za Mtume (SAW). Wapo wanaosimulia kuwa kipato chake kabla ya ukhalifa kilikuwa kama dinari 40,000 kwa mwaka, na alipofariki kilikuwa 400.

Kisha akaingia ndani kwa mkewe. Fatima alikuwa na johari ya thamani kubwa aliyopewa na baba yake. Umar hakumpokonya. Alimpa hiari: ama aipeleke baitulmali, ama waachane, kwa sababu hawezi kukaa nyumba moja na ile johari. Kina mama, tusiipite hii haraka haraka. Huyu ni binti wa khalifa, dada wa makhalifa, hajawahi kukosa kitu. Akamchagua Umar, akasema angemchagua hata kama johari ingekuwa maradufu.

Ukoo ukakasirika. Mishahara yao ya bure imekatwa, mashamba yamerudi, na aliyefanya hivyo ni wa damu yao. Wakamtuma shangazi yake, Fatima bint Marwan, mama aliyeheshimiwa na wote. Umar alimpokea kwa adabu, akamsikiliza. Kisha akaagiza dinari moja, chetezo cha makaa na kipande cha nyama. Akaiweka dinari motoni mpaka ikawa nyekundu, akaitupa juu ya nyama, nyama ikachacharika. Akamuuliza shangazi kama hamwonei huruma mwana wa ndugu yake na jambo kama lile. Mama yule akarudi kwa waliomtuma akawaambia wajilaumu wenyewe: wanaoa katika kizazi cha Umar, halafu mtoto akimfanana babu yake wanalalamika.

Ndugu zangu, hapa ndipo lilipo jibu langu kwa swali la barazani. Usomi wake ulimsaidia, sikatai. Lakini wasomi walikuwepo wengi. Kilichofanya amri zake zitiiwe mpaka mipakani ni kwamba zilipofika kwa mtu wa mbali zilikuwa zimeshapita kwake, kwa mkewe, kwa mashemeji na kwa shangazi. Gavana aliyeambiwa arudishe mali hakuweza kusema kwamba wenyewe huko juu wanakula. Kiongozi anayeanza na walio mbali, akawaruka wa nyumbani, atatumia askari kwa kila amri anayotoa.

Kisa cha mshumaa mnakijua, wa dola akiuzima akianza mambo yake binafsi, kwa hiyo nakipita. Nakipenda zaidi cha taa. Rajaa alikuwa mgeni wake usiku, taa ikaanza kufifia. Rajaa akataka kuinuka, Umar akamzuia, si adabu kumtumikisha mgeni. Mtumishi amelala, asiamshwe. Akainuka mwenyewe, akaitengeneza, akarudi kukaa, akasema kwamba ameinuka akiwa Umar na amerudi akiwa Umar yule yule.

Na suala la zawadi. Siku moja alitamani tufaha, jamaa yake akamletea. Akayanusa, akayasifu, akayarudisha. Akakumbushwa kuwa Mtume (SAW) alikuwa akipokea zawadi. Akasema kwa Mtume ilikuwa zawadi kweli, kwa watawala wa baada yake ni rushwa. Sisi tumeipa majina mazuri: chai, ya maji, takrima, asante. Yeye alilijua jina lake halisi. Ila sikilizeni na upande wa pili: maofisa wake aliwalipa mishahara minono, na akawakataza kufanya biashara wakiwa kazini. Hakutaka mtu awe mwaminifu huku watoto wake wanalala njaa. Wanaotaka mhazini mwaminifu asiyelipwa hata nauli waliangalie hili.

Yule kijana Abdulmalik alirudi tena kwa baba yake siku nyingine. Alitaka kila kitu kibadilike kwa siku moja, na hajali hata kama watachemshwa vyunguni yeye na baba yake kwa ajili hiyo. Umar akamtuliza. Akamkumbusha kwamba Allah aliikemea pombe katika Qur'ani mara mbili na akaiharamisha mara ya tatu. Hofu yake ilikuwa kwamba akiwabebesha watu haki yote kwa mkupuo, wataiacha yote kwa mkupuo. Ni mtu yule yule aliyekata hati bila kulala! Kwa nafsi yake na nyumba yake hakungoja hata Adhuhuri, kwa watu wengine alikwenda nao hatua kwa hatua. Wengi wetu tumegeuza, tuna haraka na wenzetu na subira nyingi mno na nafsi zetu.

Kwa magavana barua zake hazikukoma. Kule Khurasan, Jarrah bin Abdallah aliendelea kuwatoza jizya watu waliokwisha kusilimu, na akashauriwa awapime kwa tohara aone kama Uislamu wao ni wa kweli. Umar akamjibu kwamba Allah alimtuma Muhammad (SAW) kuwa mlinganiaji, hakumtuma kutahiri watu. Jarrah akaondolewa. Hazina ilipungua kwa uamuzi ule na alijua itapungua.

Watu wa Samarkand nao walimlalamikia kwamba jemadari Qutayba aliuingia mji wao kwa hila. Qutayba alikuwa ameshakufa, na jeshi limekaa mle miaka. Umar aliagiza awekwe kadhi alisikilize. Kadhi Mwislamu, mashtaka dhidi ya jeshi la Kiislamu, akahukumu kwamba jeshi litoke mjini lirudi kambini, mambo yaanze upya kwa sulhu au kwa vita. Wenyeji waliposikia hukumu wakaona bora wabaki kama walivyo, maana wameshazoeana na hawataki vita tena.

Wanahistoria wana maelezo mazuri kuhusu mazungumzo ya watu. Zama za Walid, aliyependa kujenga, watu wakikutana waliulizana habari za majengo. Zama za Sulayman waliulizana habari za vyakula na wanawake. Zama za Umar mtu akikutana na mwenzake alimuuliza wirdi wake wa usiku, amehifadhi kiasi gani cha Qur'ani, anafunga siku ngapi kwa mwezi. Hakuna amri iliyotolewa kuhusu hilo. Na inasimuliwa kuwa mtumishi wake aliyekwenda Afrika ya kaskazini kukusanya zaka hakupata fukara wa kuipokea, akanunua watumwa kwa pesa ile akawaacha huru.

Yote haya ni miaka 2 na miezi 5 tu.

Nikubali jambo moja ambalo wasifu wengi huliruka. Alipoondoka, mengi yalirudi kama yalivyokuwa. Aliyefuata, Yazid bin Abdulmalik, alikuwa ametajwa katika wasia ule ule wa Sulayman, na mashamba na mishahara vikaanza kurudi kwa wenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza kama kweli uongozi ule ulifanya kazi. Nimelifikiria sana. Vilivyokuwa hazinani vilikuwa rahisi kufutwa. Vilivyoingia kwa watu havikufutika. Aliamuru hadithi za Mtume (SAW) zikusanywe na kuandikwa, akamwandikia Abu Bakr bin Hazm wa Madina, na Imamu Zuhri akaifanya kazi ile, na elimu ile ndiyo tunayosomea mpaka leo. Zama zake pia kulikuwa na ada mbaya ya kumtukana Sayyidna Ali (RA) juu ya mimbari. Aliikomesha, na mahali pake akaweka Aya ya 90 ya Suratun-Nahl, ile ya uadilifu na ihsani. Mnaijua vizuri hata kama hamkujua imetoka kwa nani. Khatibu akifika mwisho wa hotuba ya pili kila Ijumaa, ndiyo hiyo anayoisoma.

Aliugua mwaka 101 Hijria (720). Wapo waliosimulia kuwa alitiliwa sumu, na kwamba mtumishi aliyetia alikiri kulipwa dinari 1,000. Umar akazitaka zile dinari, akazipeleka baitulmali, akamwambia kijana aende zake mahali ambapo hataonekana. Shemeji yake Maslama alikuja kumtazama, akaiona kanzu aliyolala nayo imechafuka, akamwambia dada yake Fatima aifue. Alipokuja tena iko vile vile, akakasirika. Fatima akamweleza kwamba hana nyingine.

Maslama akazungumzia watoto, akasema baba amewaacha hawana kitu, angewausia japo kidogo. Umar akasema watoto wake ni wawili tu kwa sifa: ama ni wema, na Allah ndiye mlinzi wa wema, ama si wema, na yeye hatawaachia mali ya kumuasia Allah. Akafariki mwezi wa Rajab, Dayr Sam'an, Sham, umri wake miaka 39 au 40. Ardhi ya kaburi lake aliinunua kwa wenyewe kabla ya kufa.

Johari ya Fatima ilikuwa bado ipo baitulmali, haijaguswa. Yazid alipokuwa khalifa alimwita dada yake, akamwambia anajua kuwa Umar alimdhulumu, johari ni yake, aichukue. Mjane hana mume, watoto hawana urithi, na aliyekuwa akimzuia yuko kaburini. Fatima akakataa. Hakuwa mtu wa kumtii Umar akiwa hai kisha amuasi akiwa amekufa. Yazid akaichukua akawagawia wake zake, naye anaangalia.

Wabillahi tawfiq. Darsa ni baada ya Alasiri kama kawaida.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.